Gunia ni Kilo Ngapi? Mchambuzi wa Mahitaji na Lugha ya Miradi ya TEHAMA

Mhadhara wa wazi, Singida Mjini



Jana jioni nilipita soko la vitunguu la Misuna. Sikwenda kununua. Nilikwenda na swali moja, nikawauliza watu watatu: gunia ni kilo ngapi? Mpakiaji aliyeketi juu ya mzigo alinicheka kwanza, kisha akanirudishia swali: "Gunia lipi, mzee? La kununulia shambani au la kuuzia mjini?" Mama aliyekuwa anachambua vitunguu kivulini akasema gunia ni gunia, linajaa linapojaa. Kijana mwenye mashine ya ushuru, ile tunayoiita posi, hakusita hata kidogo: "Mia. Mashine inasema mia."

Hakuna aliyenidanganya. Mpakiaji anaijua lumbesa, lile gunia linalojazwa hadi mdomoni kisha likashonewa nyongeza juu kama kilemba. Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa kwa miaka mingi na wanasisitiza kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, lakini lumbesa bado inapanda malori. Mama anajua kazi ya mikono yake. Kijana anajua kilichoandikwa kwenye skrini. Tatizo ni kwamba wote wanatumia neno moja, na kila mmoja anaondoka akiamini mwenzake amemwelewa.

Mhadhara wangu wa leo unahusu mtu ambaye kazi yake ni kuligundua tatizo hilo kabla mfumo haujajengwa. Kwenye miradi ya kompyuta tunamwita mchambuzi wa mahitaji.

Sentensi ya sheria na mashine ya mkononi

Mwaka 2017 Bunge liliifanyia marekebisho sheria ya fedha za serikali za mitaa. Ushuru wa mazao uliokuwa asilimia 5 ukashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Aidha, anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru. Viwango ni mali ya Bunge, na kila Juni vinaweza kubadilika, kwa hiyo msivikariri kutoka kwangu. Ninachotaka ni mwitazame sentensi hiyo kwa jicho la mtu aliyeambiwa aiingize ndani ya mashine.

Tani moja ni magunia mangapi? Kwa hesabu ya mashine ni kumi. Sasa mchukueni mfanyabiashara mwenye lumbesa nane za kilo 130 kila moja. Mashine itasoma kilo 800 na kumpitisha bure. Mizani ingesema kilo 1,040. Nyuma yake kwenye foleni yupo mkulima mwenye magunia kumi na moja mepesi, kilo 85 kila moja. Mzigo wake ni kilo 935, hastahili kutozwa. Mashine itasoma kilo 1,100 na kumkatia ushuru. Aliyezidisha amepita, aliyepungukiwa amelipa, na mfumo umefanya kazi kama ulivyoagizwa.

Maswali hayajaisha. Kitunguu ni zao la chakula au la biashara? Mama wa kivulini atakwambia kinaliwa. Mwenye lori atakwambia hajawahi kukipakia ili akile. Mzigo wa tani tatu ukigawanywa katika safari tatu, ni mzigo mmoja au mitatu? Asilimia inapigwa kwenye bei ya shambani au ya sokoni, na bei hiyo anaiingiza nani, asubuhi ya siku gani?

Hakuna hata moja kati ya haya ambalo ni swali la kompyuta. Majibu yake yamekaa kwa mwanasheria wa halmashauri, kwa afisa kilimo, kwa mweka hazina na kwa mkusanyaji mwenyewe. Lakini mtengeneza mfumo, akiwa Dodoma au Dar es Salaam, saa sita usiku, tarehe ya kukabidhi kazi ikiwa imekaribia, atalazimika kuandika namba fulani pale. Asipopewa jibu atajijibu. Ataandika 100, atalala, na namba yake itakuwa sheria ya soko.

Huyu mchambuzi ni nani?

Taaluma hii ina chama chake cha kimataifa, International Institute of Business Analysis, kilichoanzishwa Kanada mwaka 2003. Kina mwongozo, mitihani na vyeti. Kwenye halmashauri zetu ni vigumu kukuta cheo chenye jina hilo. Kazi yenyewe ipo, ila inabebwa na afisa TEHAMA, wakati mwingine na mhasibu aliyeonekana "anaijua kompyuta", au na afisa mipango aliyepewa barua ya uteuzi Ijumaa jioni. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ipite, mifumo imezidi kuwa mingi, na kila mmoja unahitaji mtu wa kusimama kati ya anayeutaka na anayeujenga.

Wengi humfananisha na mkalimani. Mfano huo unamfaa nusu. Mkalimani akisikia "gunia" husema "gunia" kwa lugha ya pili, kazi imekwisha. Mchambuzi akisikia "gunia" anapaswa kusimamisha kikao na kuuliza: lenye kilo ngapi? Kwa hiyo mawasiliano ya mradi hayapimwi kwa idadi ya barua pepe, vikao au mawasilisho yenye rangi. Yanapimwa kwa jambo moja: je, pande mbili zikilitaja neno, zinaona kitu kimoja?

Kusikiliza kwa macho

Nianze na kusikiliza, na mfano wangu uko Kenya. Mwezi Oktoba 2005 kampuni ya Vodafone, kwa kushirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, ilianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu Nairobi na Thika. Mahitaji yalikuwa yameandikwa vizuri: mkopaji apokee mkopo na alipe marejesho yake kwa simu. Huo ndio mfumo uliojengwa.

Wateja walipopewa simu wakafanya yao. Walilipiana marejesho. Walitumiana pesa ambazo hazikuhusu mkopo wowote. Mwenye safari aliweka pesa kwa wakala wa huku akazitoa kwa wakala wa kule, ili asitembee na fedha mkononi. Huku upande wa pili, taasisi ya mikopo ilihangaika kuoanisha miamala ya simu na vitabu vyake.

Wasimamizi wa mradi wangeweza kusema watumiaji wanaikosea huduma, wapewe semina. Badala yake walitazama wanachofanya, wakauliza kwa nini, wakauondoa mkopo katikati ya huduma. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Leo hata muuza kuku wa kienyeji pale stendi anaijua. Mtu ukimuuliza anataka nini atakupa jibu la adabu. Ukimtazama anavyofanya kazi utapata jibu la kweli.

Ndiyo maana nasema mchambuzi asikilize kwa macho. Mwaka huohuo wa 2017 nilioutaja, Ofisi ya Rais – TAMISEMI ilileta mfumo wa FFARS wa uhasibu na utoaji taarifa za fedha katika vituo vya kutolea huduma, zikiwemo shule na zahanati. Ulikuja wakati fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Uamuzi ulikuwa na maana: fedha ifike pale dawa inapohitajika. Lakini tujiulize, kwenye zahanati ya kijijini, anayeandika vitabu vya fedha ni nani? Mara nyingi ni mganga mfawidhi au muuguzi, mtu aliyesomea kuzalisha akina mama na kutibu malaria. Ukimpelekea neno "usuluhishi wa benki" bila maelezo, atalitia kwenye fungu la maneno ya watu wa mjini. Ukikaa naye asubuhi moja kwenye benchi la zahanati utajua mengi ambayo hayapo kwenye fomu ya mahitaji: saa anayopata nafasi, anaachia wapi kalamu mgonjwa wa dharura akiingia, na mtandao unashika upande gani wa jengo.

Hayo madogo ndiyo yanayoangusha mifumo mikubwa. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa Machi 2013, vifaa vya kutambua wapigakura kwa alama za vidole vilizimika kwenye vituo vingi kwa kuishiwa chaji, kwa kuwa madarasa mengi yaliyotumika kama vituo hayakuwa na umeme. Vituo vikarudi kwenye daftari la karatasi. Mwalimu yeyote wa shule hizo angeweza kuwaambia, kama angeulizwa, kwamba darasa lake halina soketi.

"Tumeelewa, mkuu"

Sasa nizungumzie kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilichambua mahitaji ya mfumo wa mauzo kwa taasisi moja ambayo sitaitaja. Niliandika kitabu cha kurasa themanini, kwa Kiingereza, chenye michoro ya mishale. Tukafanya kikao. Mkuu wa taasisi aliketi mbele, watumishi wakajipanga kwa vyeo. Nilipomaliza kuwasilisha nikauliza kama kuna swali. Kimya. Mkuu akageuka nyuma, akauliza kama wameelewa. "Tumeelewa, mkuu." Wakasaini ukurasa wa mwisho, tukala chakula cha mchana, nikaondoka nikiwa na furaha.

Siku ya kwanza ya kutumia mfumo, keshia, dada aliyekuwa ameketi kiti cha mwisho siku ile ya kikao, alininong'oneza: "Kaka, mteja aliyetanguliza nusu namwandika wapi?" Nilimuuliza wateja wa namna hiyo ni wangapi. Akasema, "Karibu wote." Mfumo wangu ulijua malipo kamili tu. Nilikuwa na saini kumi na mbili na sikuwa na taarifa iliyohitajika kuliko zote, nayo ilikuwa mita nne kutoka niliposimama.

Sikuwalaumu, na ninyi msiwalaumu wa kwenu. Katika mila zetu za kazi, mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu, na anayeuliza sana huonekana hajui. Methali inasema kuuliza si ujinga, lakini kikaoni wengi hawataki kuijaribu. Mchambuzi anayetegemea swali la "Mmeelewa?" atajibiwa ndiyo hadi astaafu.

Tangu siku hiyo nafanya mambo matatu. Kwanza, kabla ya kikao kikubwa nazungumza na kila ngazi peke yake, keshia bila mkuu wake, mkusanyaji bila msimamizi wake, tena kwenye meza zao. Pili, siulizi kama mtu ameelewa. Nampa karatasi yenye skrini niliyoichora kwa penseli na kumwambia: "Nionyeshe, mteja huyu hapa kaja na shilingi elfu ishirini na anadaiwa elfu hamsini. Unabonyeza wapi?" Akikwama, karatasi ndiyo iliyokosea. Tatu, naandika kurasa mbili za Kiswahili kabla ya zile themanini, na ni zile mbili wanazosaini.

Kufuta na kubatilisha

Nimetaja Kiswahili, na hapa nitakaa kidogo. Wapo wanaodhani lugha yetu haitoshi kwa kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hivyo maneno hayakukosekana. Kilichobaki ni kuyachagua kwa uangalifu, tukimtazama atakayeyabonyeza.

Chukueni neno "futa". Kwenye kitabu cha stakabadhi, mhasibu akikosea haichani karatasi. Anaandika "imefutwa" juu ya nakala zote, anaziacha ndani ya kitabu, na mkaguzi akija anazikuta kwa mfuatano wa namba. Sasa mpe mhasibu huyo skrini yenye kitufe kilichoandikwa "Futa". Yeye anaelewa: weka alama, rekodi ibaki. Mtengeneza mfumo alimaanisha: ondoa kabisa. Kitufe kimoja, na mwisho wa mwaka kuna hoja ya ukaguzi yenye namba za stakabadhi zilizoruka. Kama mchambuzi angepekua kitabu cha stakabadhi kabla ya kugusa kompyuta, angependekeza neno "batilisha", na pengine angezuia kitufe cha kufuta kisiwepo kabisa.

Wakati mwingine watu wanatushinda kwa kutaja vitu. Mfumo wa malipo ya Serikali ulipoanza mwaka 2017, hati ziliandika "namba ya kumbukumbu ya malipo". Mtaani jina hilo halikufika mbali. Watu walisema "kontroo namba", na hadi leo ukifika dirishani ndivyo utakavyoulizwa. Mchambuzi mwerevu hapigani na mtaa. Anaandika skrini kwa neno ambalo mtu atalitafuta.

Habari moja, milango minne

Jambo la mwisho ni namna ya kupeleka habari mbaya, maana kila mradi unazo. Tuseme mmegundua kwamba mashine za ushuru zikikosa mtandao zinahifadhi makusanyo, lakini zikizimika kabla ya kutuma, miamala ya siku hiyo inapotea. Habari ni moja, lakini lazima iingie milango minne.

Mkurugenzi anahitaji sentensi tatu: kiasi gani kiko hatarini, marekebisho yatachukua muda gani, na uamuzi gani anautoa leo. Mweka hazina anahitaji kujua ni vituo vipi na tarehe zipi alinganishe na fedha zilizofika benki. Mkusanyaji aliyeko kwenye kizuizi cha barabarani anahitaji maelekezo ya kutenda: usizime mashine kabla ya kuona alama ya kutumwa, na ukiishiwa chaji andika kwenye daftari. Mtengeneza mfumo anahitaji mfuatano kamili: aina ya mashine, saa, hatua zilizofuatwa, kilichoonekana kwenye skrini. Ukiwatumia wote barua moja ndefu, mkurugenzi hataisoma, mkusanyaji hataielewa, na mtengeneza mfumo hatakuta anachokitafuta.

Iandikeni pia mahali pasipopotea. Kundi la WhatsApp linafaa kuitana, halifai kuwa jalada. Uamuzi wa kubadilisha kiwango cha ushuru ukifanyika humo, katikati ya salamu za asubuhi na picha za harusi, mwaka kesho hakuna atakayejua nani aliamua. Utumishi wetu wa umma una utamaduni mzuri wa dokezo na folio: kila karatasi ina namba, tarehe na jina. Tusiudharau kwa sababu ni wa zamani. Uhamishieni kwenye miradi: nani aliomba, nani aliamua, lini, kwa sababu gani. Mistari minne inatosha.

Na mkiulizwa mradi umefika wapi, msijibu kwa asilimia. "Asilimia tisini" nimeisikia kwenye miradi iliyobaki asilimia tisini kwa mwaka mzima. Semeni: mkusanyaji wa Misuna anaweza sasa kukata stakabadhi, hawezi bado kubatilisha. Hapo kila mtu anajua mmefika wapi.

Ndugu zangu, Singida inalima alizeti na vitunguu, inafuga kuku na nyuki, na karibu kila zao lake linapita sasa kwenye mfumo fulani kabla halijafika sokoni. Hiyo mifumo itajengwa na vijana walioketi mbele yangu au itajengwa na watu ambao hawajawahi kuliona gunia la hapa. Nawaomba wanafunzi: kabla ya kufungua kompyuta, kesho asubuhi nendeni Misuna na daftari. Ulizeni gunia ni kilo ngapi, andikeni kila jibu mtakalopewa, na msiondoke mpaka gunia lenyewe limepanda mizanini.